Tumesikia Si Tumekubali

Vijana wa ofisini wameniomba, maadamu nimestaafu, niwaandikie namna nilivyoiendesha kampuni yetu ya makuti. Kichwa cha habari walinipa wao wenyewe: "Mikakati ya Uongozi na Mwelekeo wa Uchumi kwa Wakurugenzi." Nimekitazama kichwa hicho nikaona nikikibeba kitanivunja shingo. Nitaandika kuhusu makuti, na kuhusu kosa moja. Mikakati mtaiokota humo ndani wenyewe. Nyinyi si mna digrii?

Mimi darasa la nne sikulimaliza. Nilitoka shule kwenda nyumbani kufunga Ramadhani, na baada ya Idi hakuna aliyenikumbusha kurudi. Nasema hivyo bila kuona haya. Herufi zangu ni kubwa kubwa, ndiyo, lakini barua yangu haijapata kurudishwa kwa kutosomeka. Ya Mutiso, meneja wetu, imerudi mara mbili, kwa sababu alimwandikia Kiingereza mtu wa Jego.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Ukurugenzi nilijipa mwenyewe, siku ambayo fomu ya benki ilikuwa na nafasi inayotaka kujazwa.

Nilianza kwa kushona. Kwa wale waliokuja juzi kutoka bara na bado wanadhani kuti ni kuti tu: yako ya kumba, yanayosukwa pamoja na upongoo wake, ule uti wa kati wa jani, ambayo ni ya ua na vibanda vya kuku, na yako ya viungo, ambayo ni ya paa. Kuti la viungo hushonwa hivi. Majani makavu ya mnazi, ndiyo viungo vyenyewe, huchambuliwa, yakaloweshwa mpaka yalainike, kisha yakakunjwa moja moja juu ya kijiti cha upongoo, na kupitishwa ukindu, uzi wa majani ya mkindu, kwa sindano kubwa tuiitayo shazia. Yakibanana vizuri, mvua inateleza. Yakiachana, mwenye nyumba analala na ndoo. Hiyo ndiyo bidhaa yetu, na kila mnachokiita bidhaa kwenye kompyuta zenu ni hicho.

Siku yangu ya kwanza kuuza kwenye hoteli nilipeleka Diani makuti mia mbili kwa mkokoteni. Askari wa getini akanitazama, akayatazama makuti, akasema, "Mama, mlango wako uko nyuma." Nikazunguka. Huko nyuma nilimkuta Mzee Hamadi, mwezekaji, amekaa juu ya boriti akila muhogo. Aliteremka bila haraka, akachukua kuti langu la juu, akaliinua mbele ya uso wake na kutazama jua.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Kuti hili umelishona wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi njoo usimame hapa nyuma yake. Unaliona jua?"

"Naliona kidogo."

"Na mvua nayo itakuona kidogo."

Akatenga mia moja, mia moja nyingine akanirudishia. Nililia njia nzima, si kwa hasara, bali kwa sababu alikuwa na haki. Wiki iliyofuata nikarudi na mengine mia, na safari hii alirudisha manne tu. Nikamuuliza kwa nini ananisumbua mimi na wengine anawapokelea vivi hivi. Akasema, "Wale wengine hawakurudi kuuliza." Tangu siku hiyo mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, nilifanya kazi naye, na kila nilijualo kuhusu paa nililipata kwake. Kwamba paa liwe na mteremko mkali, kwa sababu maji ni kama mgeni asiyealikwa, ukimpa pa kukaa atakaa. Kwamba kati ya safu moja ya makuti na ya pili yapite vidole vinne tu, na tajiri akitaka vipite sita ili apunguze gharama, aambiwe hapana siku ya kupatana bei, si siku ya mvua.

Hilo la mwisho sikulisikia mara moja. Tajiri mmoja alinibana, akataka shubiri nzima kati ya safu na safu, nami nilikuwa na njaa ya kazi nikakubali. Mvua za mwaka zilipofika, watalii wake walikula chakula cha usiku chini ya miavuli. Mnajua alimlaumu nani? Si vidole vyake. Niliezeka upya kwa makuti yangu mwenyewe. Kwa hiyo mnaponiletea zile karatasi za kupunguza gharama, na mnaona nanyamaza nikitazama dirishani, natazama miavuli ile.

Mwelekeo wa uchumi mliouliza nao nitauandika, maana najua mtauulizia. Wakati nyinyi mnanunua ripoti, mimi nilikuwa napita nyuma ya hoteli nikitazama kamba za mashuka. Hoteli inaweza kukudanganya kwa maua ya mbele na muziki, lakini sehemu ya kufulia haijui kudanganya. Mashuka yakipungua kambani wakati wa msimu mkubwa, hata meneja akikwambia mambo ni mazuri, usinunue majani kwa ajili yake. Kuna miaka wageni waliadimika kwelikweli, na wauza makuti wengi walibaki na marundo yanayooza. Mimi nilikuwa nimeshahamia kwenye migahawa ya Ukunda na nyumba za watu. Mutiso alipoingia kazini akaniuliza ni chombo gani cha uchambuzi tulichotumia. Nikampeleka akaone kamba. Alipiga picha.

Na mtiririko wa fedha, kabla hamjaniandikia kwamba nimeusahau: hela ya hoteli huja kama kobe, njaa ya mshonaji huja kama paka. Kazi ya mkurugenzi ni kukaa katikati yao na kumlisha paka kabla kobe hajafika. Nililipa washonaji siku ile ile ya kuchukua makuti, hata ikibidi nile ugali mtupu. Ndiyo siri yote. Sasa tuendelee na kosa.

Mutiso alitoka Machakos. Nilimwajiri mwenyewe, na sijutii, ingawa mwezi wa kwanza alikuwa akiingia nyumba za watu na salamu ya neno moja. Kijana mwerevu. Alileta oda za maandishi, alileta vipimo, na ndiye aliyegundua kwamba makuti ya Msambweni ni marefu kuliko ya Jego, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeliona miaka yote na kulizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Katika mwaka wake wa pili, hoteli moja kubwa ya Diani ilitupa kazi ya jumba la kulia chakula na nyumba ndogo kumi na mbili za wageni. Meneja wao alikuwa mpya, mtu wa maneno machache. Alituita, akatuwekea mezani kipande cha kuti la plastiki kutoka ng'ambo. Lilikuwa jepesi, halina harufu, halina hata mdudu.

"Kontena lake liko tayari kuagizwa," akasema. "Nimezuia kwa sababu wageni wangu wa zamani wanapenda makuti ya kweli. Lakini msimu unafunguka mwanzo wa Disemba. Nyumba zote kumi na mbili zisipokuwa na paa siku hiyo, naagiza plastiki, na hoteli zetu nyingine mbili zitafuata."

Tulipotoka nje Mutiso alikuwa anahesabu kwa vidole, lakini mimi sikuhitaji vidole. Hoteli tatu zikienda plastiki, za jirani zitauliza wamenunua wapi. Na mshonaji wa Msambweni hana kazi nyingine ya kuifanya akiwa amekaa barazani kwake na sufuria jikoni. Wanawake sitini walikuwa wakitushonea wakati ule. Hilo ndilo lililokuwa mezani, kando ya kile kipande cha plastiki.

Mutiso alikesha na kompyuta yake, akaja na plani. Tuna banda Kombani, karibu na soko. Tuwalete washonaji wote sitini hapo kila asubuhi kwa lori, wakae safu safu, kila mmoja na rundo lake na jina lake juu ya orodha, na kila mmoja na kiwango chake cha siku. Kwa mwendo wa kushonea majumbani tungechelewa kwa mwezi mzima. Kwa banda tungemaliza na siku za kubaki. Nilizipitia hesabu zake mara tatu nikitafuta pa kumchekea, sikupata. Hesabu zilikuwa sawa.

Tukaenda Msambweni kuwaeleza washonaji. Tulikutana kwenye baraza ya Nimwaka, mkubwa wao. Nimwaka nilishona naye tangu tuko wasichana, na katika wote alikuwa mwepesi kuliko sisi. Tulikuwa tukimwambia mikono yake ina haraka ya kwenda harusini. Wa Jego nao walikuja. Mutiso alisema karibu saa nzima. Alichora banda ubaoni, akachora na lori, hata magurudumu akayachora. Wanawake walimsikiliza kwa adabu. Chai ilipita, mahamri yakapita.

"Kuna swali?" akauliza Mutiso.

Mmoja akamjazia kikombe.

"Basi tumekubaliana?"

Nimwaka akarekebisha leso yake begani. "Tumesikia, mwanangu," akasema.

"Tumesikia," wakasema wengine.

"Na umesema vizuri," akaongeza mmoja wa nyuma. "Mungu akuzidishie."

Ndani ya gari Mutiso alikuwa anang'ara. "Madamu, huo mkutano umeenda poa sana! Hata swali moja hakuna!" Nami, mkurugenzi, nikamjibu, "Alhamdulillahi." Alhamisi yake nikatia sahihi mkataba wa hoteli.

Jumatatu nilifika Kombani mapema. Nilikuwa nimeagiza masufuria mawili ya chai na mabeseni ya maandazi, watu sitini waanze kazi wameshiba. Mutiso alikuwa ameweka mikeka kwa mistari, na mbele ya kila mkeka kijikaratasi chenye jina. Saa mbili lori likaingia. Juma, dereva, akateremka. Nyuma ya lori akateremka bibi mmoja mzee na mikungu miwili ya ndizi.

"Asante kwa lifti," bibi akasema. "Soko ni upande gani? Na lori linarudi saa ngapi?"

Mutiso akapanda gurudumu, akachungulia ndani ya lori kama kwamba wanawake wote sitini wamejificha chini ya turubai.

"Juma, watu wako wapi?"

"Wako kwao, bosi."

"Hukupiga honi?"

"Nimepiga Jego, nimepiga Msambweni. Walinipungia mkono."

"Wakasema nini?"

"Wakasema niendeshe polepole, barabara ina mashimo."

Mutiso alikuja kwangu na daftari lake limefunguka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa mchana. "Madamu, walikubali! Tazama, nimeandika hapa tarehe na saa. Wamekubali wote."

"Walitamka neno gani?"

"Walisema... tumesikia."

"Na wewe ukaandika nini?"

Akalitazama daftari. Sikumlaumu, kwa sababu mtu wa Machakos ana haki ya kutojua. Lakini mimi? Mimi nimezaliwa ndani ya neno hilo. Mtu wa kwetu hakwambii hapana mbele ya chai yako. Atakwambia amesikia, yaani maneno yako yamefika sikioni, na kutoka sikioni kwenda moyoni kuna safari nyingine ambayo hukuiulizia. Nilipokuwa mshonaji, mfanyabiashara mmoja alikuja akatuambia kuanzia sasa mia yake ihesabiwe mia na kumi. Sote tukasema tumesikia, mimi nikiwa wa kwanza. Anayangoja yale makuti kumi mpaka leo. Sasa nililisikia neno lile lile kwenye baraza ile ile, nikamshukuru Mungu! Sijui sikio langu liliziba lini. Labda siku niliponunua kiti kinachozunguka.

Chai tuliwapa wachuuzi wa sokoni. Kwenye maandazi aliongoza yule bibi wa ndizi.

Siku ile ile nikaenda Msambweni peke yangu, bila Mutiso na bila ubao. Niliwakuta barazani kwa Mwanaisha, mshonaji mwenzao, kwa kuwa siku hiyo kikoa kilikuwa kwake. Kikoa, kwa msiojua, ni hivi: leo kundi zima linashona kwa Mwanaisha, makuti yote ya leo ni yake na chakula cha mchana ni juu yake, kesho linashona kwa mwingine, na makuti yote ni ya huyo, mpaka mzunguko uishe. Rundo ni moja kila siku, na lina mwenyewe mmoja.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mkurugenzi!" Nimwaka ndiye aliyejibu. "Tukutandikie mkeka, au tuagize kiti Nairobi?"

"Mkeka unanitosha, shoga."

"Aa, usije ukachafua suti. Mwanaisha, mpanguse mgeni vumbi la lori."

Wakacheka mpaka ukindu ukawaponyoka. Nikakaa, nikawaacha wacheke, maana kicheko kile nilikinunua kwa masufuria mawili ya chai. Kilipopungua nikawauliza wazi, kama nilivyozoea, kwa nini hawakuja. Hapo kila mtu akapata kuti la kulitazama.

"Kombani mbali," akasema mmoja.

"Lori linawachukua mlangoni."

"Kuna watoto."

"Mutiso aliwatengea mahali."

Kisha Mwanaisha, ambaye ndiye mdogo wao na ana ulimi usiolala, akasema, "Huko Kombani kila mtu na rundo lake na jina lake, Bi Siti. Hapa rundo ni moja." Akasema hivyo huku akitunga ukindu kwenye shazia, akampa Nimwaka. Nimwaka akaipokea. Hawakutazamana.

Nikamtazama Nimwaka mikononi. Alikuwa akitafuta ukingo wa jani kwa kidole gumba, akilipapasa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, kisha ndipo anapitisha shazia. Kushona alishona vizuri, kuti lake lilibanana kuliko ya wote. Lakini mapajani kwake lilikuwa nusu, na wenziwe walikuwa kwenye la pili. Nimwaka, mwenye mikono ya kwenda harusini. Tangu lini? Hakuna aliyeniambia, na mimi nilikuja kila mwezi kuchukua makuti, nikahesabu rundo, nikalipa, nikaondoka.

"Unatazama nini, shoga?" akaniuliza. Uso wake ulinielekea mimi lakini si sana.

"Natazama kuti."

"Kuti halishonwi kwa kutazamwa. Shika shazia, au sogea, unanikinga mwanga."

Nikashika shazia. Nilikaa nao mpaka alasiri, na la banda sikulitaja tena. Badala yake nikawauliza swali ambalo Mutiso na mimi, na kompyuta yake na kiti changu, hatukuwa tumeliuliza mtu yeyote: katika kazi ya kuti, ni nini kinachokula siku?

Wakajibu wote kwa pamoja. Siyo kushona! Kushona ni mazungumzo tu. Kinachokula siku ni kuokota majani, kuyachambua, kubeba maji ya kuloweshea, kuchonga pongoo. Asubuhi nzima inakwisha kabla shazia haijaguswa.

"Tuletee viungo vimeshaloweshwa na vijiti vimeshachongwa," akasema Nimwaka, "halafu utafute pa kuyaweka makuti."

Nikampigia simu Mutiso papo hapo, nikamwambia lori lisibebe watu, libebe majani. Kombani tuweke wanaume, wale waezekaji wetu wanaokaa bure wakingoja makuti, wao ndio waloweshe na kuchonga. Nikasikia vidole vyake vikigonga kompyuta. Kisha akasema, "Madamu, tunafika. Kwa shida, lakini tunafika." Akavuta pumzi. "Sasa kiwango cha kila mtu nikiweke kiasi gani?"

"Weka cha kila kikoa. Safu ya majina ifute."

"Nitajuaje nani anazembea?"

"Hutajua."

Hakulipenda hilo. Shuleni alifundishwa kwamba kisichopimwa hakiendeshwi, na si uongo. Lakini alifuta. Baadaye nilimweleza sababu, kwamba rundo moja humsitiri aliyepungukiwa na macho, bila kutaja jina.

Na nilipowarudia wanawake nikawauliza, "Mmekubali?"

"Ijumaa hatushoni," akasema wa kwanza.

"Siku ya msiba hatushoni."

"Ukindu ulete wewe, usitukate kwenye bei."

"Na viungo vya Juma visije na siafu!"

Walibishana na mimi mpaka magharibi, na hapo ndipo nikajua wamekubali. Andikeni hilo, vijana. Mkutano usio na swali mmeupoteza. Mtu akianza kukukatalia vipande vipande, ujue kizima amekipokea.

Kazi ikaenda. Siwezi kusema ilienda vizuri kila siku. Mvua za vuli zilituharibia lori moja la viungo, na wiki nzima ikapotea Jego kwa msiba. Jumba la kulia likaisha, nyumba zikafuatana, na meneja wa hoteli alikuwa akija kila jioni na kusimama chini ya ngazi, mikono nyuma. Mwisho wa Novemba ilibaki nyumba moja, ya kumi na mbili. Waezekaji walikuwa wameshakaa juu ya fito wakingoja rundo la mwisho litoke Msambweni, na wageni walikuwa wafike kesho yake.

Asubuhi hiyo nilikuwa barazani kwa Nimwaka. Kwa siku nne za mwisho nilikuwa nimekwenda kuongeza mikono, maana mkurugenzi kukaa ofisini wakati ule ilikuwa ni kuongeza joto tu. Kikoa kilikuwa cha Nimwaka. Tukamaliza, Juma akaegesha lori, Mutiso akateremka na daftari lake kukagua. Hesabu ya nyumba ile ilikuwa imekwenda kuti kwa kuti, hakuna la ziada.

Alikuwa ameshajifunza kukagua. Aliinua kila kuti mbele ya uso wake. Ya juu yakapita, ya katikati yakapita. Karibu na chini akasimama, akatoa moja, la pili, la tatu. Yalikuwa yameachana meno. Ungeweza kupitisha kidole.

"Haya hayawezi kwenda," akasema, na jasho lilikuwa linamtoka. "Haya ni ya nani?"

Mwanaisha akaanza kukunja mkeka ambao watu walikuwa bado wameukalia. Mimi nilikuwa kando ya Nimwaka nikichunguza kucha zangu.

"Yetu," akasema Nimwaka.

"Mama, najua ni yenu, nauliza nani hasa..."

"Yetu, mwanangu. Lete hapa."

Akanyoosha mikono. Mutiso akamwekea yote matatu mapajani, na Nimwaka akayafumua kwa vidole, ukindu wote, akaanza kuyashona upya, akipapasa jani baada ya jani. Lori lilikuwa linanguruma. Huko Diani watu walikuwa juu ya fito. Mutiso akatazama saa yake, akatazama mikono ile, akaitazama kwa muda mrefu. Nikamwona anaelewa. Akaenda kwa Juma akamwambia azime injini, akavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa mkeka.

"Usiharakishe, mama," akasema.

Lori liliondoka adhuhuri. Nyumba ya kumi na mbili ilifungwa paa kabla ya magharibi, na kontena halikuagizwa. Mengine mnayajua, mlikuwapo, na hesabu zake ziko kwenye kabati la chuma.

Mutiso, mwanangu, siku ile uliuliza mara mbili, na mara ya tatu hukuuliza, na ndiyo maana kiti kinachozunguka nimekuachia wewe. Lakini mtu asistaafu na jambo la watu moyoni. Yalikuwa yangu. Yote matatu.